Mgao wa maji ya mto kati ya nchi: maana yake

Neno "mgao" tunalijua vizuri. Maji yakiwa haba mtaani tunatangaziwa kwamba Jumatatu ni zamu ya huku, Alhamisi ni ya kule, na watu wanakesha wakijaza madumu. Mgao wa maji ya mto kati ya nchi unatokana na shida hiyohiyo, ila hapa hakuna mamlaka moja iliyoshika koki. Kila nchi inajitawala, na aliye juu ya mto anaweza kuyazuia maji kabla hayajamfikia aliye chini.

Majirani wanaweza kugawana zamu, kama wakulima wa mifongo ya Kilimanjaro: leo mfereji unaelekezwa shambani kwa huyu, kesho kwa mwenzake. Wanaweza kugawana sehemu, yaani kila mmoja ana asilimia yake, mto ukipungua wote wanapungukiwa. Au wanagawana kiasi: wewe hiki, mimi hiki, kila mwaka. Njia hii ya mwisho ndiyo iliyotumika kwenye Mto Nile.

Mwaka 1929 Uingereza, ikizisemea Sudan na nchi za Afrika Mashariki ilizozitawala, ilikubaliana na Misri hivi: Misri ichukue mita za ujazo bilioni 48 kwa mwaka, Sudan bilioni 4. (Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, ndoo 50 zile za lita 20.) Tena usijengwe mradi wowote mtoni, wala kwenye vijito na maziwa yake, wa kuipunguzia Misri maji bila idhini yake.

Mwaka 1959 Misri na Sudan zilikaa tena, mbili peke yake. Zilikadiria kwamba bilioni 84 hufika Aswan, kusini mwa Misri, kwa mwaka. Bilioni 10 zikahesabiwa kuwa zitapotea kwa mvuke kwenye bwawa kubwa lililopangwa kujengwa hapo, 55.5 zikawa za Misri, 18.5 za Sudan. Jumlisha: 84. Mto mzima umekwisha! Ethiopia, ambako takriban asilimia 85 ya maji hayo hutoka, haikuwamo. Nchi nyingine ziliachiwa kifungu tu kwamba zikidai fungu lao, wawili hao watakaa walijadili.

Tanganyika ilipopata uhuru ililikataa jambo hili mapema. Mwaka 1962 serikali ya Nyerere iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi nchi huru. Naona hoja hiyo haijapata jibu la kutosha hadi leo: mtu hawezi kufungwa na ahadi aliyowekewa na mtawala wake. Baadaye Tanzania ililaza bomba kutoka Ziwa Victoria hadi Kahama na Shinyanga, na watu wa maeneo yale makavu wakapata maji ya ziwa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1997, unaohusu mito inayopita nchi zaidi ya moja, unaanzia kwingine. Unataka matumizi ya haki na ya busara: kupima ni watu wangapi wanautegemea mto, hali ya hewa ikoje, maji yanatumikaje sasa, na kama kuna chanzo kingine. Pamoja na hayo, usimdhuru jirani kwa kiasi kikubwa. Kwa mizani hii Misri nayo ina uzito wake, maana mvua ni adimu kwake na karibu maji yake yote ni ya Nile. Njaa ya mkulima wa kule si ndogo kuliko ya mkulima wa Ethiopia.

Mkataba wa ushirikiano wa nchi za bonde la Nile, uliofunguliwa kutiwa saini Entebbe, Uganda, mwaka 2010, ulifuata njia hiyo, ukaanza kutumika Oktoba 2024 baada ya Sudan Kusini kuuridhia. Haumpangii yeyote kiasi. Misri na Sudan hazimo, na kikwazo kikubwa ni kifungu cha 14(b). Nchi nyingi zilitaka kiseme kwamba hakuna atakayeathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa mwenzake. Misri ilitaka kilinde "matumizi na haki za sasa", na kwa hesabu ya Cairo haki hizo ni zile bilioni 55.5.