Kwa nini Italia hufundisha Kiitaliano nje ya Italia?

Wauza vinyago wa Malindi hupatana bei na watalii kwa Kiitaliano bila kigugumizi, na wengi wao walikiokota ufukweni tu, kutoka kwa Waitaliano waliojenga hoteli na nyumba za mapumziko hapo. Kama lugha inaweza kujipenyeza yenyewe namna hiyo, mbona serikali ya Italia inaendesha taasisi za utamaduni zaidi ya 80 duniani, mojawapo Nairobi?

Jibu linaanzia kwa Waitaliano wenyewe. Nchi yao ilipounganishwa mwaka 1861, wachache sana walikijua Kiitaliano. Mwanaisimu Tullio De Mauro alikadiria hawakufika watatu katika kila mia. Wengine wamekadiria kama mmoja kwa kumi. Waliobaki waliongea Kiveneto, Kinapoli, Kisisilia na lugha nyingine za kwao. Kisha umaskini ukawatoa: kati ya 1876 na 1976 watu wapatao milioni 26 walihama, ingawa wengi walirudi baadaye. Waliofika Argentina, Brazili au Marekani walikuwa na lugha ya kijijini kwao, si ya taifa. Hadi leo, katika jimbo la Rio Grande do Sul, wajukuu wao wanaongea Talian, iliyotokana na Kiveneto, na mwaka 2014 Brazili iliitambua rasmi kuwa sehemu ya urithi wake.

Ndiyo maana mwaka 1889 mshairi Giosuè Carducci na wenzake walianzisha chama cha Società Dante Alighieri: wahamiaji na watoto wao wasikatike na Italia. Serikali ikafuata kwa sheria ya 1926 iliyoanzisha taasisi zake za utamaduni, na hapo pana doa lisilofaa kufichwa. Ulikuwa wakati wa dikteta Mussolini, na taasisi hizo zilitumika kuupigia debe utawala wake. Leo zinaongozwa na sheria ya 1990, chini ya Wizara ya Mambo ya Nje.

Kazi ya taasisi hizo ni ya kila siku: madarasa ya kulipia, maktaba, filamu, maonyesho, matamasha. Tangu 2001 kila Oktoba kuna Wiki ya Lugha ya Kiitaliano Duniani, inayoandaliwa pamoja na Accademia della Crusca ya Firenze, chombo kinacholinda lugha hiyo tangu 1583. Upo pia mtihani wenye uzito wa kisheria: tangu mwishoni mwa 2018, anayeomba uraia kwa ndoa au kwa ukaazi, isipokuwa makundi machache, lazima athibitishe kuwa anakijua Kiitaliano kwa kiwango cha B1, yaani cha kati.

Nionavyo, sababu kubwa ni hii: nje ya Italia ni wachache wanaolazimika kujua Kiitaliano. Ukiacha makoloni kama Somalia na Eritrea, kilikoingia kwa mabavu, watu hukifuata kwa kupenda opera, mapishi, mpira au michoro ya Firenze. Mapenzi hayo yasipopaliliwa, mwanafunzi hugeukia lugha yenye ajira zaidi, na Italia hupoteza mtalii, mteja na rafiki.

Nao Waitaliano wanajifunza yetu. Chuo Kikuu cha Napoli "L'Orientale" kinafundisha Kiswahili, na ndipo alipofundisha kwa miaka mingi Elena Bertoncini Zúbková, mmoja wa wachambuzi wakubwa wa riwaya na tamthilia za Kiswahili.