Kiwango cha juu cha adhabu: maana yake katika kosa la kumtesa mnyama

Kiwango cha juu cha adhabu ni ukomo ambao Bunge huuweka ndani ya sheria, ili hakimu au jaji ajue kwamba kwa kosa hilo hawezi kutoa kifungo au faini inayouvuka. Si adhabu ambayo kila anayetiwa hatiani huipata, kwa kuwa kwa kawaida hubakizwa kwa ajili ya tukio baya kuliko yote yanayoweza kuingia katika kosa hilo, na matukio mengine yote hupimwa chini yake. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba adhabu ya ukatili kwa wanyama imepandishwa kutoka miezi 6 hadi miaka 5, kama ilivyofanyika England na Wales mwaka 2021, aelewe kwamba kilichobadilika ni kipimo kizima, wala si hukumu za watesaji wachache waliokithiri.

Kabla ya mabadiliko hayo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 ilikuwa imefanya kazi kubwa ya kukusanya makosa yaliyotawanyika katika sheria za zamani na kumbebesha kila mwenye mnyama wajibu wa kumtunza, lakini ukomo wa kifungo uliachwa kwenye miezi 6. Ni vyema kuifuata miezi hiyo hatua kwa hatua mahakamani. Mshtakiwa aliyekiri kosa mapema alipunguziwa theluthi moja ya adhabu, nafuu ambayo hutolewa kwa makosa ya kila aina, hivyo miezi 6 ikawa 4. Kisha, kwa vifungo vifupi vya namna hiyo, mfungwa aliachiwa baada ya kutumikia nusu, na miezi 4 ikawa 2. Juu ya hayo, makosa haya yalisikilizwa katika mahakama ya mahakimu pekee, ambayo haikuruhusiwa kujumlisha vifungo vya makosa ya ngazi hiyo hadi vikavuka miezi 6, hata kama mashtaka yalihusu mbwa watano walioteswa kwa nyakati tofauti. Hakimu aliyeona picha za mnyama aliyechomwa moto makusudi alibaki na nafasi finyu mno ya kutofautisha kati ya kosa hilo na lile la mtu aliyempiga mbwa wake mara moja kwa hasira. Naona hapa ndipo penye dosari kubwa zaidi ya ukomo mdogo, kwani unamnyima hakimu uwezo wa kupima.

Kesi iliyoamsha umma wa Uingereza kuhusu pengo hili ilitokea Oktoba 2016 mjini Stevenage, pale mbwa wa polisi aitwaye Finn alipochomwa kisu kifuani na kichwani akimfuata mtuhumiwa pamoja na askari aliyekuwa akimwongoza. Finn alifanyiwa upasuaji, akapona na kurudi kazini. Hata hivyo, kwa majeraha ya mbwa huyo mshtakiwa alifunguliwa shtaka la kuharibu mali, yaani kosa lile lile la kuvunja kioo cha gari. Sheria iliyofuata mwaka 2019, inayojulikana kwa jina la Finn, iliondoa uwezekano wa mtu anayemjeruhi mnyama wa kazi kama huyo kudai kwamba alikuwa akijilinda, lakini haikugusa urefu wa kifungo. Serikali ilikuwa imeahidi ukomo wa miaka 5 tangu mwaka 2017, na ahadi hiyo ilitimia tarehe 29 Juni 2021, sheria mpya ilipoanza kutumika. Ireland Kaskazini ilikuwa na ukomo huo tayari, na Uskoti ilikuwa imeupitisha mwaka 2020.

Makosa yaliyopandishwa ni kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, kumkata viungo, kumkata mbwa mkia kinyume cha sheria, kumpa mnyama sumu na kupiganisha wanyama. Sasa hakimu akiona kwamba uwezo wake hautoshi, anaweza kuihamishia kesi Mahakama ya Crown, yaani mahakama ya juu inayosikiliza makosa mazito ya jinai, ambako jaji anao ukomo wote wa miaka 5. Ikumbukwe pia kwamba sheria hii haimlindi mbwa na paka peke yao, bali humlinda kila mnyama mwenye uti wa mgongo ambaye ni wa jamii inayofugwa au aliye chini ya mikono ya binadamu. Ng'ombe, farasi na sungura wamo. Mnyama anayeishi huru porini analindwa na sheria nyingine.

Maneno yanayobeba uzito wote hapa ni mateso yasiyo ya lazima. Daktari wa mifugo anapomchoma mnyama sindano humwumiza, lakini kwa lengo halali na kwa kiasi kinachohitajika. Mahakama huuliza kama maumivu yangeweza kuepukwa au kupunguzwa, kama yalikuwa na lengo linalokubalika, na kama mtu mwenye busara na ujuzi angefanya vile. Kutotenda nako huhesabiwa. Mfikirie mtoto wa mbwa aliyefungwa uani kwa mnyororo, akavishwa kola angali mdogo na asilegezewe alivyokuwa akikua. Kola inabana, inachubua, inazama ndani ya nyama, na ngozi inaanza kuota juu yake, hata daktari analazimika kumlaza usingizi na kuikata kutoka shingoni. Hakuna aliyempiga mbwa huyo, na mwenyewe anaweza kusema kwamba hakujua. Sheria haimwulizi alijua nini peke yake. Humwuliza pia alipaswa kujua nini, na kola inayonuka usaha shingoni mwa mbwa wake ni jambo ambalo alipaswa kulijua.

Lakini mbwa huyo huyo akikutwa mwezi mmoja kabla, kola imebana ila ngozi haijapasuka, bakuli la maji limekauka na hana kivuli, kosa linaweza kuwa lile la kutotimiza wajibu wa matunzo, chini ya kifungu cha 9 cha Sheria ile ya mwaka 2006, na adhabu ya kosa hilo haikupandishwa. Wapo wanaoona huu ni udhaifu. Mimi nakubaliana na mpangilio huo, kwa sababu kifungu cha 9 kiliwekwa ili wakaguzi waingilie kati kabla mnyama hajaumia, na mara nyingi maonyo na maelekezo humsaidia mnyama haraka kuliko kesi.

Je, kuna anayefungwa miaka 5? Mwongozo wa adhabu kwa mahakama, uliorekebishwa mwaka 2023 ili uendane na sheria mpya, unaanzia faini na kuishia miaka 3 na miezi 6 kwa matukio mabaya ya kawaida, na juu ya hapo jaji anapaswa kueleza sababu zake. Kutumia silaha, kumtesa mnyama mbele ya watoto, au kurekodi video na kuisambaza ni mambo yanayozidisha adhabu.

Wasomaji wa Kenya wataitambua miezi 6 hiyo. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, iliyotungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kufuata sheria za Kiingereza za wakati huo, iliweka kifungo kisichozidi miezi 6 au faini isiyozidi shilingi 3,000, au vyote viwili. Kifungo angalau hakipungui thamani, ila faini inayotajwa kwa kiasi maalumu huliwa na mfumuko wa bei. Shilingi 3,000 za wakati ule zilikuwa fedha nyingi, na leo mtu mwenye kipato cha wastani anaweza kuzilipa hapo hapo mahakamani akaenda zake.

Pamoja na kifungo na faini, mahakama za England na Wales zina amri ambayo habari za magazeti huitaja kwa nusu sentensi, nayo ni ya kumzuia mtu kumiliki, kufuga au kuwa na usemi juu ya matunzo ya wanyama kwa muda ambao mahakama itaupanga, hata maisha yake yote. Kifungo cha miezi kadhaa huisha na mtu akarudi nyumbani. Amri hii huendelea, na akionekana tena na mbwa uani mwake, kumiliki kwenyewe ni kosa jipya, pasipo haja ya kusubiri mbwa huyo ateswe.