Damu imesemaje? Karatasi ya maabara na saratani ya koo

Mzee mmoja wa upande wa Urambo aliletwa kwetu na mwanawe, shingoni uvimbe kama yai, sauti imekauka. Kinyama kutoka kwenye uvimbe kilishachukuliwa kupimwa na majibu yametoka: saratani ya koo, imeshafika kwenye matezi. Kijana akachomoa kwenye mfuko wa nailoni karatasi ya damu iliyokunjwa mara nne. "Daktari, shikamoo. Hapa wameandika baba amebakiza muda gani?"

Hawajaandika. Hata hivyo karatasi hiyo ya kipimo cha kawaida ina ya kutuambia.

Mimi huanza na wingi wa damu, yaani kiwango cha hemoglobini, kinachoipa damu wekundu wake. Mwanaume akiwa chini ya gramu 13 kwa desilita, mwanamke chini ya 12, tunasema damu imepungua. Mionzi huua seli za saratani vizuri zaidi penye oksijeni, na oksijeni hubebwa na hemoglobini. Ndiyo maana wenye damu pungufu, kwa jumla, huitikia mionzi vibaya zaidi. Utadhani basi dawa ni kuipandisha damu tu. Sivyo. Sindano za kuchochea mwili utengeneze damu zilipojaribiwa kwa wagonjwa wa namna hii wakiwa kwenye mionzi, hazikurefusha maisha; wengine zilionekana kuwadhuru. Moshi hukuonyesha palipo na moto, lakini kuupepea hakuzimi moto.

Kisha natazama chembe nyeupe. Kwa mzee huyu aina mbili za chembe hizo zilikuwa hivi: neutrofili 7.2, limfosaiti 1.2. Gawanya, unapata 6. Neutrofili hupanda mwili ukiwa na uvimbe wa ndani, yaani ukijihami dhidi ya maradhi au maambukizi; limfosaiti ni miongoni mwa askari wanaopambana na saratani. Uwiano ukiwa mkubwa, mara nyingi ugonjwa huwa mkali zaidi. Ila jino lililooza linaweza kuupandisha, na vidonge vya steroidi pia. Mzee alikuwa na meno mawili mabovu! Kwa hiyo namba ya siku moja siitegemei. Nataka ya leo, ya wiki ijayo na ya baada ya matibabu.

Albumini, protini iliyomo kwenye damu, nayo ikishuka hutuonya kuhusu uvimbe wa ndani na lishe. Ugali haupiti tena kooni, basi apewe uji mzito wa maziwa na karanga, kidogo kidogo mara nyingi. Ikishindikana, mpira wa kulishia kupitia puani si aibu wala si dalili ya kukata tamaa.

Kuhusu sigara nilimwambia mzee waziwazi, najua tumbaku ndiyo iliyosomesha wanawe: kuvuta wakati wa mionzi kunaipunguzia nguvu tiba.

Kijana nikamwomba asitupe karatasi hata moja. Azipange kwa tarehe, asafiri nazo hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, kwenye mionzi, pamoja na majibu ya kinyama. Na kabla ya safari, mzee apite kwa daktari wa meno.