Wakili maarufu, kichwa cha habari na hasira za Mwaloni

Pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kahawa ya jioni huja na kashata na ubishi. Siku hizi ubishi ni mmoja: tovuti fulani ya habari, sitaitaja, na wakili mmoja ambaye hata watoto wa shule wanamjua kwa suti zake. Juzi mzee mmoja muuza dagaa alinisukumia simu yake kifuani. "Ng'wanawane, hebu soma. Jumatatu wanasema wakili kaibwaga Jamhuri. Leo Alhamisi, mteja wake bado yuko gerezani Butimba. Sasa nani kambwaga nani?"

Nikasoma hadi chini. Mteja alikuwa na kesi mbili. Iliyoondolewa ni moja, ya pili haijaguswa, na sentensi iliyosema hivyo ilikuwa mkiani kabisa, chini ya tangazo la mikopo. Mzee hakudanganywa, ila hakuna anayefika huko chini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kinachosemwa kijiweni. Watu wana haki ya kukasirika, lakini mengi wanayoyaamini hayako sawa.

"Kesi imefutwa, basi wakili kashinda"

Hili ndilo kubwa. Mahakama ikiliondoa shauri kwa kasoro, labda hati imekosewa au limepelekwa mahakama isiyo na mamlaka, hakuna aliyeshinda wala kushindwa. Aliyelileta anaweza kurekebisha na kurudi, mradi muda wa kisheria haujampita. Kulitupilia mbali baada ya kusikiliza pande zote ni jambo jingine. Hapo kinachobaki kwa kawaida ni rufaa. Wanasheria huyatenganisha maneno haya kama mvuvi anavyotenganisha sato na sangara. Mwandishi mwenye haraka anaandika "yafutwa", yote kapu moja.

Kwenye jinai kuna la tatu. Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na kesi. Mshtakiwa anaachiwa, wakili anapigwa picha kwenye ngazi, ndugu wanapiga vigelegele. Ila kuachiwa kwa namna hiyo si hukumu ya kutokuwa na hatia, na peke yake hakumkingi mtu asishtakiwe tena kwa jambo lilelile. Sasa tafuta habari ya miezi mitatu baadaye inayosema yaliishia wapi. Mimi nimetafuta sana. Habari ilizaliwa kwa ngoma na vifijo, ikafa bila matanga.

"Wamelipwa tu hao"

Baraza zima la kahawa linaamini hivyo. Sitabisha kwamba bahasha zipo. Lakini kuna sababu nyepesi zaidi. Kanuni za maadili ya mawakili za mwaka 2018 zinambana wakili asijitangaze kama muuza sabuni. Hawezi kubandika bango Mabatini lenye picha yake na bei. Habari yenye jina lake ndiyo bango lenyewe, tena la bure. Kwa hiyo simu ya mwandishi anaipokea mlio wa kwanza, na sentensi anayo tayari, imeshaiva. Mwendesha mashtaka akitoka nje anapanda gari, anaondoka.

Upande wa pili yuko mwandishi wa mkoani. Wengi ni wa kujitegemea, wanalipwa kwa habari iliyotoka, si kwa saa walizokaa kwenye benchi la mahakama. Jioni ikifika mikono mitupu, siku imekufa. Basi anaandika alichopewa na aliyekubali kuongea. Kwangu mimi hili ni baya kuliko bahasha, kwa sababu bahasha mtu anaweza kuikataa.

Na macho ya wasomaji yapo, tusijidanganye. Tangu Tundu Lissu alipochaguliwa kuwa rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika mwaka 2017, na Boniface Mwabukusi mwaka 2024, uchaguzi wa chama cha wataalamu unafuatiliwa kama fainali ya kombe. Sisi wasomaji ndio tunaobofya.

"Anayeandikwa sana ndiye bora"

Oktoba 2023, jijini Nairobi, kijana mmoja alikamatwa kwa tuhuma za kujifanya wakili. Madai kwamba ameshinda kesi 26 yalizunguka dunia haraka kuliko maswali juu yake. Chama cha wanasheria cha Kenya kilisema si mwanachama wake. Kwetu, mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania unakuruhusu kutafuta jina la wakili na kuona kama ana leseni, ambayo huhuishwa kila mwaka. Ni kazi ya dakika mbili, na haihitaji kichwa cha habari.

"Anamtetea mwizi, na tovuti inamtetea yeye"

Fupi: ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inasema mshtakiwa hatendewi kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Wakili anasema maneno ya mteja wake. Kosa la tovuti ni kuyaandika maneno hayo bila kusema ni ya nani.

"Msomaji hana pa kwenda"

Anapo. Anza kwa kumwandikia mhariri kuomba masahihisho, na hifadhi picha ya ukurasa kabla hawajaubadilisha. Kama habari imekuumiza wewe mwenyewe, Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1995, hupokea malalamiko na kusuluhisha. Hukumu nyingi nazo zinasomwa bure kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Tatizo ni lugha: mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini ukifungua hukumu za Mahakama Kuu bado utakutana na Kiingereza tele. Kwa hiyo muuza dagaa wangu anarudi palepale, kwa mwandishi yuleyule.

Nilimweleza yote haya. Akanyamaza, akamalizia kahawa, akauliza ile kesi ya pili inatajwa lini. Tovuti haikuandika tarehe. Tukampigia binamu yake mwenye ndugu kwenye kesi hiyo, akatupa. Mzee akaiandika kwa kalamu ya mafuta ubavuni mwa gunia.

"Nitakwenda mwenyewe," akasema. "Ila mtu anayenuka dagaa wanamruhusu kuingia?"

Nikamwambia mahakama ni ya wazi. Azime simu tu.