UTI ya figo inayorudi-rudi: picha inaona nini, haioni nini

"Altrasaundi imetoka safi, kwa hiyo figo hazina shida." Kauli hii husikika sana hapa Moshi, na inawaumiza watu. Bakteria hawaonekani kwenye picha. Wanatafutwa kwa kuotesha mkojo maabara, na hapo ndipo inajulikana dawa gani inawaua. Mtu anaweza kutetemeka kwa homa, ubavu unauma hata kuguswa hataki, na altrasaundi isionyeshe kitu. Anatakiwa kutibiwa vilevile.

Kazi ya picha ni kutafuta kwa nini ugonjwa unarudi: mkojo uliozibwa njiani, jipu, figo iliyosinyaa, jiwe. Jiwe ndilo linalosumbua wengi bila wao kujua. Bakteria kama Proteus huvunja yurea (taka ya mwili iliyomo kwenye mkojo), mkojo unapoteza uasidi wake, mawe yanajengeka na wao wanajificha humo humo. Mama anameza dawa, homa inashuka, anarudi kwenye biashara yake Mbuyuni. Wiki chache baadaye, ubavu ule ule. Kumwongezea sipro ya duka la dawa ni kumpotezea hela na muda. Jiwe lazima litolewe.

"Basi kila UTI ipigwe picha." Hapana. Mwanamke mzima mwenye UTI ya kibofu ya mara moja, asiye na tatizo jingine, haihitaji. Inahitajika homa ikigoma kushuka ndani ya siku 3 za dawa, maambukizi ya figo yakirudia, au mgonjwa akiwa mwanamume, mtoto mchanga au mtu aliyewahi kuwa na mawe. Mwenye kisukari naye asicheleweshwe. Na homa ikikutana na mkojo uliozibwa, hiyo ni dharura. Usisubiri asubuhi.

Wapo wanaotaka CT skani moja kwa moja kwa kuwa ni ghali, hivyo lazima iwe bora. Kweli, inaona vijiwe vya kwenye mrija wa kutoka figo hadi kibofu ambavyo altrasaundi huvikosa. Lakini ina mionzi, na ikihitaji dawa ya kung'arisha picha inayochomwa mshipani, mara nyingi kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) hupimwa kwanza. Mjamzito huanza na altrasaundi. Akiambiwa figo ya kulia imepanuka kidogo asishtuke papo hapo, mimba yenyewe hufanya hivyo. Daktari aangalie pamoja na dalili zake.

Kwa watoto kuna DMSA, kipimo cha makovu ya figo. Husubiriwa miezi 4 hadi 6 baada ya maambukizi, maana uvimbe wa ugonjwa wenyewe unaweza kudhaniwa ni kovu.

Arusha wengine huyalaumu maji kwa floraidi, madini yaliyomo humo. Floraidi ikizidi huharibu meno na mifupa, ila haileti bakteria.

Mkojo ukiwa na usaha kila mara na kuotesha hakutoi kitu, uliza kuhusu TB ya figo: uoteshaji wa kawaida hauioni. Ukipewa rufaa KCMC au Mount Meru, beba majibu yote ya zamani, hata yale yaliyoandikwa "kawaida", ili daktari alinganishe ukubwa wa figo wa wakati ule na wa sasa.