Picasa Yako na Windows Mpya: Dhana Potofu na Ukweli

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, Oktoba 14, 2025, mafundi wa kompyuta hapa Kisumu wamekuwa wakiwahamishia watu Windows 11. Na wapo wenye swali moja tu: mwenye studio ndogo ya picha kule Kondele, mwalimu anayetunza picha za shule, mama aliyeweka ukoo mzima kwenye laptopu moja. Wanauliza, "Picasa yangu itabaki?" Wanamaanisha ile programu ya Google ya kupanga na kurekebisha picha kwenye kompyuta. Mara nyingi jibu ni, "Mwalimu, hiyo ilifungwa zamani, sahau." Wakisahau, hupotea kazi ya miaka. Kwa hivyo hizi hapa dhana ninazozisikia sana.

Dhana: Google iliifunga Picasa, basi haiwezi kufanya kazi kwenye Windows mpya.

Google ilitangaza Februari 2016 kwamba inaachana nayo, na huduma kwa programu ya kompyuta ikakoma Machi 15 mwaka huohuo. Kilichokoma ni matoleo mapya na mahali rasmi pa kuipakulia. Programu iliyokuwa tayari kwenye mashine ya mtu haikuzimwa. Toleo la mwisho, 3.9, linafunguka kwenye Windows 10 na 11. Ni programu ya biti 32, yaani ya muundo wa zamani kuliko ule wa biti 64, na Windows 11, ingawa yenyewe ni ya biti 64 pekee, bado inazipokea za biti 32. Inazozikataa ni za kale zaidi, za biti 16, zile za enzi za Windows 3.1.

Vilivyokufa ndani ya Picasa ni vile vilivyotegemea mtandao, kama kupandisha albamu kwenye akaunti ya Google. Pia haizitambui picha za HEIC, aina ya faili ambayo iPhone zimekuwa zikihifadhia picha tangu 2017. Hizo zigeuze kuwa JPEG kwanza.

Mwenye Mac hana bahati hiyo. Apple iliziondoa programu zote za biti 32 ilipotoa macOS Catalina mwaka 2019, na Picasa ya Mac ikaenda nazo.

Dhana: Picha zimo ndani ya Picasa, kwa hivyo ukiiondoa zinafutika.

Hapa ndipo penye hasara kubwa, na hasara yenyewe huja kwa njia mbili zinazopingana.

Wa kwanza anaogopa kuigusa Picasa kabisa, akidhani ndiyo sanduku la picha zake. Siyo. Picha zimekaa kwenye folda za kawaida, na Picasa inazionyesha tu. Ukiiondoa, picha zako zinabaki zilipo.

Wa pili anajua hilo, kwa hivyo anafungua folda ya harusi, anachagua picha zote, anazinakili kwenye flashi, kisha anamruhusu fundi afomati, yaani afute kila kitu kwenye diski. Akifungua flashi baadaye anakuta bibi harusi bado ana giza usoni, kama siku ile alipopigwa. Marekebisho yote yameyeyuka. Sababu ni kwamba Picasa haigusi picha halisi mpaka ubonyeze kitufe cha kuhifadhi. Kabla ya hapo, mwanga ulioongeza, sehemu ulizokata, nyota ulizoweka, vyote vimeandikwa kwenye faili ndogo iitwayo .picasa.ini iliyo ndani ya folda hiyohiyo. Faili hiyo imefichwa, kwa hivyo anayechagua picha anazoziona ataiacha nyuma. Na ukishahifadhi, picha ya asili huwekwa kwenye folda nyingine iliyofichwa, .picasaoriginals. Dawa ni rahisi: nakili folda nzima, usichague faili mojamoja. Vilivyofichwa vitaenda pamoja nayo.

Halafu kuna majina ya watu. Huku kwetu magharibi, msiba ukitokea, familia humjia mwenye studio jioni ikitafuta picha nzuri ya mzee ya kuweka kwenye kijitabu cha mazishi. Studio iliyokaa miaka ikiweka majina kwenye sura inaandika jina la marehemu tu, na picha zake zote zinajipanga kwenye skrini. Orodha hiyo ya majina pamoja na albamu haiko kwenye folda za picha. Iko kwenye folda mbili, Picasa2 na Picasa2Albums, ndani ya AppData (folda ya Windows inayotunza data za programu za kila mtumiaji), kisha Local, kisha Google. AppData nayo imefichwa. Zinakili zote mbili kwenye diski ya nje, Picasa ikiwa imefungwa. Ukizirudisha kwenye Windows mpya, hakikisha picha nazo zimerudi mahali palepale, kwa herufi ileile ya diski na jina lilelile la folda. Zilizokuwa D:\Picha zirudi D:\Picha, kwa sababu orodha ile inakumbuka anwani kamili ya kila picha.

Na ukiiondoa Picasa kwenye mashine, itakuuliza kama ufute hifadhidata yake, yaani ile orodha ya majina na albamu. Jibu hapana.

Dhana: Kuhamia Windows 11 ni lazima kufomati.

Si lazima. Mashine ikikubalika, Windows 11 inaweza kuwekwa juu ya ile iliyopo, ukachagua kubaki na faili na programu zako, na Picasa utaikuta. Mfumo wa zamani huwekwa kando kwa siku 10, ukitaka kurudi. Mafundi hupenda kufomati kwa sababu ni haraka na mashine inakuwa safi, na sioni ubaya, mradi wakuulize kwanza. Laptopu nyingi za mtumba zinakataliwa kwa sababu prosesa zao ni za kabla ya kizazi cha 8 cha Intel au hazina TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya mashine. Hilo halihusiani na programu ya picha.

Dhana: Ukinakili folda ya programu kutoka Program Files, umeihifadhi.

Mara nyingi haitafunguka, au itafunguka nusu, maana sehemu ya mipangilio imeandikwa kwenye rejista ya Windows, daftari la ndani la mipangilio ya mfumo. Unachohitaji ni faili ya kusakinishia. Na kama programu yako ni ya kulipia, mfano Photoshop ya CS6 iliyotoka 2012, iondolee leseni kwenye mashine hiyo kabla ya kufomati, la sivyo itahesabika kama bado inatumika.

Dhana: Faili ya kusakinishia Picasa ni ileile popote utakapoipata.

Kwa kuwa Google haiitoi tena, wengine wameijaza takataka na kuiweka mtandaoni kwa jina lilelile. Ukiipata, usiifungue kwanza. Bofya kulia juu ya faili, fungua Properties, tafuta Digital Signatures. Aliyetia sahihi awe Google Inc. Kichupo hicho kisipokuwepo, au jina likiwa jingine, ifute. Ikiwa ni halali, iweke kwenye flashi mbili na uandike juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika, kwa sababu mashine inayofuata nayo itaihitaji.