Maslahi yaliyofichwa kwenye habari za gemu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Gemu kubwa ikipata alama za juu, hakosi mtu wa kusema wahakiki wamehongwa. Ikipata za chini, eti wana chuki. Wasomaji wana haki ya kushuku, na ningependa waendelee. Kinachosikitisha ni kwamba shaka hiyo mara nyingi huelekezwa pasipostahili, na penye tatizo hasa panapita bila kuulizwa.

Dhana: Kampuni huwalipa wahakiki wapandishe alama.

Ukweli: Tukio linalojulikana zaidi lilipitia kwenye matangazo, na aliyeumia ni mhakiki aliyekataa kupamba. Novemba 2007, Jeff Gerstmann wa GameSpot, tovuti ya habari za gemu, aliipa gemu ya Kane & Lynch: Dead Men alama 6 kati ya 10, huku tovuti hiyo hiyo ikiwa imejaa matangazo ya gemu hiyo kutoka kwa Eidos, kampuni iliyoichapisha. Mwezi huo huo akafukuzwa kazi. Alieleza kisa chake hadharani mwaka 2012 tu: uongozi ulilemewa na malalamiko ya watangazaji.

Hapo hakuna aliyepewa fedha aandike uongo. Alama ilitoka kama alivyoipanga. Lakini kila mwandishi aliyekuwa akitazama alielewa ujumbe, na hofu ya namna hiyo haiachi risiti. Ndiyo maana swali la maana kwa chombo chochote cha habari za gemu ni hili: anayeuza nafasi za matangazo ana sauti gani kwa anayeandika?

Dhana: Mhakiki aliyepewa gemu bure ameshanunuliwa.

Ukweli: Nakala ya bure ni kitendea kazi, na inatosha kuitaja kwa sentensi moja. Cha kuangalia ni masharti yanayokuja nayo. Assassin's Creed Unity ilipotoka Novemba 2014, wahakiki wengi walizuiwa kuchapisha hadi saa sita mchana kwa saa za mashariki mwa Marekani, wakati gemu ilikuwa sokoni tangu usiku wa manane. Waliokimbilia kununua walikutana na hitilafu zake kabla hawajasoma lolote.

Cyberpunk 2077, Desemba 2020, ilikwenda mbali zaidi. Nakala za mapema zilikuwa za kompyuta peke yake, na wahakiki hawakuruhusiwa kuonyesha video walizorekodi wenyewe kabla ya siku ya kutoka. Walipewa za kampuni. Kwenye mashine za gemu za PS4 na Xbox One ilikuwa mbovu kiasi kwamba kabla ya wiki mbili kwisha Sony, wenye PS4, iliiondoa dukani kwake na kukubali kurudisha fedha za wanunuzi. Mhakiki aliyeandika waziwazi, "nimecheza kwenye kompyuta tu, na picha hizi zimetoka kwa kampuni," alimsaidia msomaji kuliko aliyeandika kurasa tano za sifa bila neno hilo.

Na ukiwaudhi, mlango unafungwa. Novemba 2015 Kotaku, tovuti ya habari za gemu, ilieleza kwamba kampuni za gemu za Bethesda na Ubisoft zilikuwa zimeacha kabisa kuipelekea nakala na kujibu maswali yake, baada ya tovuti hiyo kuchapisha habari ambazo kampuni hizo hazikutaka zijulikane.

Dhana: Alama ni maoni tu, hakuna fedha nyuma yake.

Ukweli: Ipo, ila haiendi kwa mhakiki. Studio ya Obsidian iliahidiwa bonasi kwa gemu yake ya Fallout: New Vegas iwapo wastani wake kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, ungefika 85 kati ya 100. Ulifika 84.

Dhana: Mwaka 2014 ilithibitika kwamba waandishi huuza uhakiki kwa marafiki.

Ukweli: Haikuthibitika. Mwandishi wa Kotaku alituhumiwa kuipa uhakiki mzuri gemu ya mtu aliyekuwa na uhusiano naye wa kimapenzi. Uhakiki huo haukuwahi kuandikwa. Mtengenezaji wa gemu hiyo, iliyokuwa ikipatikana bure, aliandamwa kwa vitisho vya kuuawa na kubakwa. Kuuliza kuhusu ukaribu wa waandishi na watengenezaji ni halali kabisa, na mwaka huo Polygon, tovuti nyingine ya gemu, iliwataka waandishi wake waseme kama wanamchangia mtengenezaji kupitia Patreon, tovuti ya kuwachangia wabunifu fedha. Lakini tuhuma bila ushahidi, iliyogeuka kumwinda mtu, haikumlinda msomaji yeyote.

Kinachoniuma ni kwamba miezi hiyo hiyo fedha halisi ilikuwa ikitembea kwingine. Kampuni ya Warner Bros. iliwalipa watu wa YouTube, wengine maelfu ya dola, waisifu gemu yake ya Middle-earth: Shadow of Mordor. Kwa mujibu wa FTC, tume ya biashara ya Marekani, walielekezwa pia wasionyeshe hitilafu za gemu.

Dhana: Ukishataja udhamini, popote pale, umemaliza.

Ukweli: Kwenye kampeni hiyo ya Warner Bros. udhamini ulitajwa, ila kwenye maelezo yaliyo chini ya video, mahali ambapo mtazamaji lazima abonyeze ili maandishi yafunguke. Aliyeiona video hiyo Facebook au Twitter hakuyaona kabisa. Video ya PewDiePie, mmoja wa watu hao wa YouTube, pekee ilitazamwa zaidi ya mara milioni 3.7. Mwaka 2016 kampuni ilikubaliana na FTC kuacha mwenendo huo. Tangazo la udhamini linapaswa kuonekana au kusikika ndani ya video yenyewe, mwanzoni, kwa lugha ya kawaida: "nimelipwa na fulani."

Dhana: Anayerekodi video za gemu si mwandishi wa habari, kwa hiyo haya hayamhusu.

Ukweli: Yanamhusu, hata asipojiita mwandishi. Trevor Martin na Thomas Cassell, watu wa YouTube, waliwaonyesha watazamaji wao jinsi walivyokuwa wakishinda kwenye CSGO Lotto, tovuti ya kamari iliyochezwa kwa vipambo vya silaha vya ndani ya gemu ya Counter-Strike, bila kuweka wazi kwamba tovuti ni yao. Mwaka 2017 FTC ikawafungulia shauri, la kwanza iliyowahi kuwafungulia watu wa mitandaoni binafsi. Hawakutozwa hata senti. Waliamriwa tu waweke wazi uhusiano wa namna hiyo siku zijazo. Kwa maoni yangu adhabu hiyo ilikuwa ndogo mno, kwa sababu miongoni mwa waliokuwa wakiwatazama walikuwemo watoto.